Sura Niliyoahidi Kutoiandika

Ujumbe wa msiba ulinikuta Masasi mjini, kwenye duka la vifaa vya shule ninakochapishia vitabu vyangu, nikigombana na mchapaji aliyeziweka kurasa za riwaya yangu mpya kichwa chini miguu juu. "Bibi yetu Mama Issa wa Makote ametutoka alfajiri. Tunamzika leo alasiri. Ni mimi mjukuu wake." Namba yangu aliipata nyuma ya kitabu, ninapoichapa kwa herufi kubwa kwa kuwa sina msambazaji. Anayekitaka hunipigia, nami humpelekea mwenyewe, awe Lupaso au Newala. Ndivyo nilivyoishi miaka yote hii: riwaya nne za vita vya ukombozi vya ng'ambo ya Ruvuma, moja ya wapagazi wa vita vya Wajerumani na Waingereza, vijitabu vya watoto, na kimoja cha palizi ya mikorosho ambacho, niseme ukweli, ndicho watu wanachokitaka hasa. Mchapaji aliponiona nimenyamaza alidhani bado nina hasira naye, akataka kunipoza. Akasema mkewe alisoma ile riwaya yangu ya kwanza, na kwenye sura ya njia ya mpungani alilia hadi ugali ukaungua jikoni. Wote huisifu sura hiyo. Huniuliza niliiwazaje, nami hujibu kwa maringo kwamba kuwaza ndiyo kazi ya mwandishi. Naongopa. Sikuiwaza hata kidogo. Nilisimuliwa na mwanamke aliyekuwa amelala Makote siku hiyo akisubiri kuoshwa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimetumwa Makote, huko Newala, kufundisha kisomo cha watu wazima. Ya kwetu Mkomaindo, Masasi, nitayaacha, hayahusiki. Nilipewa chumba kwa Mama Issa, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, mumewe na mwanawe wakiwa mkongeni Tanga. Barua za mumewe nilizisoma mimi na kuzijibu mimi, na nadhani yule bwana aliona ghafla mkewe amekuwa na maneno matamu kupita alivyomwacha. Chumba changu kilikuwa nusu changu nusu cha makopa, ile mihogo mikavu iliyopangwa hadi darini, na harufu yake ilishika nguo zangu hata nilipokwenda kwetu likizo dada zangu walinisogeza mbali. Ugali ulikuwa wa makopa hayohayo. Mboga ilikuwa kisamvu cha karanga au mbaazi, na msimu wa ming'oko tulikaa mkekani tukimenya na kutafuna vile viazi vya porini mpaka midomo ikachoka. Tulikula watatu sinia moja: mimi, Mama Issa, na jirani yake Mama Zainabu, aliyepika kwake na kuja na bakuli lake la mboga chini ya khanga, kila siku, bila kualikwa. Hao wawili walichezwa unyago pamoja, waliolewa msimu mmoja, walilima mashamba yanayopakana. Mmoja akianza sentensi mwenzake aliimaliza, tena mara nyingi kwa kumkosoa.

Vita vya ng'ambo vilikuwa havijaisha. Tukiwa tunatwanga, mchana kweupe, ulikuja mshindo kutoka bondeni na vyombo vikatikisika kidogo kichanjani. Mimi niliruka. Mama Issa alisema tu, "Mbali hiyo," akainua tena mchi. Vijana wapiganaji kutoka ng'ambo walipita vijijini, walipikiwa, walifuliwa, wakaondoka, na haikuwa adabu kuuliza wanakwenda wapi. Zainabu mwenyewe hakuwepo. Miaka miwili kabla sijafika, akishuka kwenye mpunga wa mama yake kuamia ndege, alikanyaga bomu lililofukiwa njiani na adui, askari wa mkoloni wa ng'ambo. Alikuwa na miaka kumi na moja, na mwaka uleule alikuwa achezwe unyago. Hakuwa na mdogo wala mkubwa, kwa hiyo mama yake aliendelea kuitwa Mama Zainabu na kila aliyemsalimia, asubuhi na jioni. Nilijaribu siku moja kumwita Bibi Fulani kwa jina lake mwenyewe, nikidhani namhurumia. Akanikatiza: "Mwalimu, hilo ndilo nililobaki nalo. Usininyang'anye."

Darasani alikuwa mwanafunzi wangu bora, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyofuata. Tulikutana saa kumi, watoto wa shule wakishatoka, kina mama na vizee vya watu wamekunja magoti kwenye madawati yaliyowabana. Wengine walikuja kwa sababu balozi wa nyumba kumi alipita na orodha. Mama Zainabu alikuja kwa hasira. Aliwahi kuitwa ofisini baada ya msiba wake, akawekewa karatasi mbele yake, akachovya kidole kwenye wino, na mpaka siku zile hakujua alikubali nini. "Karatasi imenionea mara moja," alisema, "hainionei tena." Alisoma kwa kidole, akilisukuma kila neno kama mtu anayesukuma ng'ombe mkaidi mlangoni, na akishalitoa hakutaka msaada kwa linalofuata. Mama Issa hakusoma. Alisema macho yake ni ya kuchagulia mchele tu.

Mimi nami nilikuwa naandika. Sijui nani alinidanganya kwamba naweza, lakini nilikuwa na madaftari matatu ya riwaya ya vita, na jioni kabla jua halijazama nilimsomea Mama Issa sura mpya yeye akikoroga mboga. Alikuwa mkosoaji mbaya sana, nikimaanisha hodari. "Huyo askari wako anakula lini?" aliuliza. "Kurasa zote hizo anakimbia tu." Au: "Mwanamke wa Kimakonde hamwambii hivyo mumewe. Anamwambia hivyo mama mkwe, kwa kupitia kuku." Nilifuta, nikaandika upya. Kitabu kilikuwa na bunduki nyingi na hakikuwa na mtu ndani yake, nami nilijua, na jambo hilo lilinikosesha raha kuliko ninavyoweza kueleza.

Katika msimu wa mabibo alikuja bibi yake Mama Issa kutoka kijiji cha juu, kizee kilichokwishaanza kupoteza siku na watu. Tuliketi ukumbini, wanawake kama sita, tunabangua korosho zilizochomwa, vidole vyeusi. Kile kizee kikamtazama Mama Issa, kikacheka, kikamwita kwa jina nisilowahi kulisikia. Wanawake wakaacha kubangua. Mama Issa akaweka jiwe chini, akasema kwa upole, "Bibi, huyo hayupo," akaendelea kubangua. Baadaye nilimuuliza. Kwetu Masasi mimi nilichezwa kwa taratibu za kanisani, nikatoka na jina la ubatizo lilelile nililoingia nalo. Yeye akanieleza kama anavyoelezwa mgeni: jina la utotoni huachwa unyagoni, na baada ya siku hiyo hakuna anayelitamka. Anayemwita mtu mzima kwa jina hilo amemvua nguo mbele za watu. Watu walikwisha pigana mapanga kwa kosa hilo. "Kwa hiyo limekufa," nikasema. "Limekufa," akakubali. Nililiandika pembeni mwa daftari kwa sababu lilikuwa jina zuri. Hapa silitaji.

Siri yenyewe aliniambia siku ya mvua, wakati hakuna mtu anayetembea. Nilikuwa nimemsomea sura ambayo kijiji kizima kinawaficha wapiganaji na kila mtu ni shujaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika chungu. Akasema, "Wewe unaandika kama vile wote tulikuwa wazuri." Kisha akanieleza bila kunitazama. Wale vijana aliokuwa akiwapikia walimwambia kwamba adui amefukia mabomu kwenye njia ya mpungani. Walitaka adui aendelee kuamini kwamba hawajagundua, maana walikuwa wakimsubiri aje kuikagua kazi yake. Watu wakiacha ghafla kuitumia njia ile, wapelelezi watajua. "Mama, wewe usipite, na usimwambie mtu. Hata mmoja." Haukuwa msimu wa kushuka mara kwa mara, alijiambia, hakuna atakayepita. Wangemaliza shughuli yao na kuitegua njia.

"Na Mama Zainabu?" nikauliza.

"Mama Zainabu alikuwa ananiambia kila siku kwamba mpunga wake ndege wanaumaliza." Akasukuma ukuni motoni. "Asubuhi hiyo ntoto alipita hapa mlangoni. Aliniamkia, 'Shikamoo mama mkubwa.' Nikamwitikia. Nilidhani anakwenda kisimani."

Hakulia. Aliinua mfuniko, akaonja chumvi, akaurudisha. Halafu akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Hii usiitie kwenye daftari lako, mwanangu. Nimekwambia kwa sababu nilitaka mtu mmoja aijue kabla haijaniua. Umesikia?"

"Siitii, Mama Issa."

"Apa."

Nikaapa kwa msalaba niliovaa shingoni. Yeye hakuwa Mkristo, lakini aliutazama ule msalaba kwa heshima na akaridhika.

Ningependa kuandika kwamba nilipigana na nafsi yangu muda mrefu. Ilikuwa wiki moja. Kila nilipofungua daftari niliona kitabu changu kimesimama palepale, na mtu niliyemtafuta sura zote zile sasa yuko chumba cha pili anapepeta unga. Nilijidanganya kwa hatua ndogondogo. Kwanza nitaandika tu, sitaonyesha. Halafu nitabadili kijiji. Halafu nitabadili mtoto, awe wa kiume, na nitampa mwanamke jina jingine. Jina gani? Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya, wala Mmakonde asingelifanya. Lilihitaji mtu kama mimi, anayeijua mila nusu. Niliwaza: liko jina ambalo hakuna anayelitumia, limekufa, limezikwa, hakuna atakayelihusisha na mtu aliye hai. Nilimpa mwanamke wa kitabu changu jina la utotoni la Mama Issa. Niliona nimemficha vizuri ajabu. Sikuelewa kwamba jina ambalo watu wazima wote wanajizuia kulitamka ni jina ambalo watu wazima wote wanalikumbuka.

Sura ile niliiandika kwa siku mbili na sikubadili neno. Karani mmoja wa Newala mjini aliniruhusu kutumia mashine ya kudurufu siku za Jumamosi. Nikachapa stensili mwenyewe kwa vidole viwili, nikadurufu nakala thelathini, nikazishona kwa uzi wa gunia. Nilizibeba kichwani hadi Makote kwa furaha ambayo hakuna kitabu kingine kimewahi kunipa. Siku ya kufunga kisomo nikawagawia waliohitimu. Mama Issa, asiyesoma, nilimpa yake pia. Aliipangusa kwa khanga, akaiweka juu ya sanduku lake. "Umemaliza," akasema. "Yule askari alikula?" Nikamwambia alikula. Akacheka.

Mama Zainabu alikataa kusomewa. Kilikuwa kitabu chake cha kwanza na alitaka kukisoma chote mwenyewe. Kwa siku nyingi nilimwona barazani kwake, kidole kwenye ukurasa, midomo ikitembea, na nilijivuna. Nilimpungia mkono. Alinipungia. Wakati wa kula alituambia alipofika, na Mama Issa, aliyekwisha sikia sura zote isipokuwa ile na ya mwisho, alimtania: "Bado hujafika mtoni? Mimi nilivuka zamani." Nilikaa katikati yao nikimega ugali. Nilijua anaikaribia sura ile na bado nilikula. Nilijiambia hataona chochote, ni mtoto wa kiume, ni kijiji kingine. Kwa kweli kuna sehemu yangu iliyotaka kuona atakavyoguswa. Hilo ndilo ninalojichukia kwalo mpaka leo kuliko kile kiapo.

Alikuja asubuhi, sisi tuko uani tunamenya mihogo. Hakupiga hodi. Alisimama penye ua, kitabu mkononi kimekunjwa pale alipofika, akamwita Mama Issa kwa lile jina. Hakulipaza. Alilitamka kama walivyoitana wakiwa na miaka minane. Mama Issa akainua uso, na katika muda ule mfupi kabla hajaelewa, nilimwona karibu atabasamu. Kisha akaona kitabu. Akanitazama mimi. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake na muhogo nusu umemenywa.

"Siku ngapi?" Mama Zainabu akauliza.

Mama Issa hakuuliza siku ngapi za nini.

"Walikwambia siku ngapi kabla?"

"Mbili."

"Mbili." Alilirudia kama anavyorudia neno jipya darasani. "Siku ya kwanza tulikwenda wote kukata kuni. Siku ya pili uliniazima ungo."

"Ndiyo."

"Ulinirudishia ungo mwenyewe. Uliingia ndani kwangu. Zainabu alikuwa amelala mkekani, ukamruka miguu."

"Ndiyo, dada."

Mama Zainabu akakiweka kitabu chini, penye ua, kwa uangalifu, kikiwa kimefunguliwa palepale, akarudi kwake. Hakutukana. Ningetoa chochote atukane. Mama Issa akamaliza kumenya muhogo aliokuwa nao, akauosha, akautia chunguni. Nikaanza kusema. Nikamwambia nitakwenda sasa hivi, nitamwambia nimetunga, ni hadithi tu, waandishi hutunga. Alinisikiliza kwa subira ileile aliyosikilizia sura zangu zote.

"Utasema umetunga," akasema. "Na jina langu ulilitunga?"

Mchana ule aliniandalia ugali kwenye sahani. Sahani ya bati, ya peke yangu, na bakuli dogo la mboga, na maji ya kunawa kwenye beseni na kitambaa begani mwake, kama anavyohudumiwa bwana shamba aliyetoka wilayani. Akanikaribisha kwa heshima zote, akaenda kula jikoni. Ilikuwa hivyo kila mlo kwa wiki tatu nilizobaki. Hakuwahi kunisema. Aliniita "mwalimu", na "mwanangu" sikulisikia tena. Habari ilienea, maana nakala zilikuwa thelathini na wasomaji wapya wana bidii. Wanawake waliacha kumwita kutwanga pamoja nao. Unyago ulipowadia, yeye aliyekuwa akiwafunda wali, mabinti wanaochezwa, miaka yote hakuitwa, na ngoma tulizisikia sisi wawili tumekaa vyumba tofauti. Vijana waliomwamuru anyamaze walikuwa wamekwenda zao zamani, wengine wamekufa, na hakuna aliyewauliza. Nilipofunga mzigo wangu alinisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka, akanipa ming'oko ya kula njiani, akanitakia safari njema. Sikuwahi kurudi kwake. Kitabu nilikichapa tena, na tena, mara ya pili nikiwa nimebadili jina la yule mwanamke. Kilinifanya niitwe mwandishi.

Siku hiyo ya msiba nilifika Makote wanaume wamekwisha rudi kutoka makaburini. Nilivua viatu nikaingia kwa wanawake, nikasalimia, nikasogezwa kwenye mkeka. Mama Zainabu alikuwa pale ukutani, miguu imenyooshwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, jicho moja jeupe. Nikamwamkia shikamoo, nikajitaja. "Marahaba," akasema. "Nilijua utakuja." Mikono yake ilikuwa bado na harufu ya karafuu maiti. "Nimemwosha mimi," akaniambia.

"Mlipatana, Mama?"

"Hatukupatana. Lakini nani mwingine wa kumwosha? Wa rika letu wamekwisha wote. Wasichana hawa hawajui hata pa kuanzia." Akajifuta mikono kwa khanga. "Kile kitabu chako nilikomea palepale. Sikusoma tena kitu. Barua zikija nasomewa."

Wenzetu walikuwa wakigawa chai. Yeye akanisogelea kidogo, akashusha sauti, kama anayeona haya kuuliza.

"Wale wanawake wawili wa kitabuni. Mwisho wao ulikuwaje?"

Nikamwambia. Ukurasa wa mwisho, mama wa mtoto anamfuata jirani yake shambani, wanashikana mikono, wanasameheana. Ndipo kitabu kinapoishia, na ndipo wasomaji wangu hufuta machozi.

Mama Zainabu alinitazama kwa lile jicho zima.

"Nani alikwambia?" akauliza. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli, akisubiri nimtajie mtu.